Habari ya Mgonjwa ni Mali ya Mgonjwa

Ndugu msomaji, leo naomba tukae kitako tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikwepa mpaka siku linapobisha hodi mlangoni. Mtu wetu anapopatwa na ugonjwa usioponyeka, ni nani anayepaswa kumwambia? Amwambie nini, na amwambieje? Sitaki kuanza kwa kumlaumu mtu mwingine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Baba yangu mkubwa alikuwa karani wa ghala bandarini hapa Dar es Salaam hadi alipostaafu. Alikuwa mtu wa hesabu. Kila shilingi iliyoingia na kutoka nyumbani kwake Temeke aliiandika katika daftari lenye jalada jeusi. Mwaka 2008 alianza kulalamika kwamba ugali unamkwama kooni. Haukupita muda mrefu wali nao ukakataa kupita, kisha ikawa ni uji tu, na uji wenyewe ausindikize na maji. Tukampeleka hospitali. Akaingizwa mpira wenye taa kooni, kikakatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara.

Siku ya majibu daktari alituita kando mimi na shangazi. Tulisimama barazani katikati ya watu waendao na warudio. Akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ni saratani ya umio, imekwisha kuenea, na upasuaji hautafaa kitu. Kisha akasema, "Mtajua wenyewe jinsi ya kumwambia mzee," akamwita mgonjwa mwingine. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua kumi hivi kutoka pale tuliposimama. Alikuwa akitutazama.

Jioni ile jamaa tulifanya kikao. Shangazi akasema, "Mkimwambia mtamuua," na hakuna aliyempinga. Tukakubaliana kwamba ugonjwa utaitwa vidonda vya koo. Tuliufanya uwongo huo kwa mapenzi kabisa, na tulijiona watu wema.

Usiku mmoja ilikuwa zamu yangu kulala naye. Yapata saa nane aliniita. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyesimama na daktari. Alikwambia nini?" Nikajibu, "Ni vidonda, Baba. Ukimaliza dawa utapona." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Ahsante." Akageukia ukutani. Tangu usiku ule hakuniuliza tena jambo lolote la maana. Tukawa tunazungumza habari za mvua, bei ya mchele na mpira.

Mzee alikuwa na mwanawe wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya kiwanja kilichouzwa, na hawakuwa wamesemeshana kwa miaka mitatu. Hatukumwita mapema. Tulihofu kwamba mzee akimwona anaingia mlangoni, atatambua kuwa hali yake ni mbaya. Tulimwita siku ambayo mzee alikuwa hawezi tena kutamka neno. Alifika tukiwa tumekwisha kulifukia kaburi.

Baada ya matanga tulilifungua lile daftari jeusi. Kurasa za mwisho zilikuwa na orodha ya madeni yake yote, na kiasi alichotenga kwa ajili ya sanda na chakula cha waombolezaji. Tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa ilikuwa ya siku ya tatu tangu tutoke hospitali. Jina la mwanawe wa Mwanza lilikuwamo katika orodha, na mbele yake hapakuandikwa kiasi chochote.

Alikuwa akijua. Tulidhani tunamficha, kumbe naye alikuwa akituficha sisi, asije akatuvunja moyo. Nyumba nzima ilikuwa ikiigiza, na wakati wa kusema yaliyopasa kusemwa ukapita.

Je, ukweli huua?

Hofu aliyokuwa nayo shangazi si ya ujinga, wala si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja mjini Chicago, Marekani, waliulizwa kama huwaambia wagonjwa wao wa saratani ugonjwa walio nao. Takriban 90 katika kila 100 walisema wangependelea kutowaambia. Mwaka 1979 swali kama hilo liliulizwa tena kwa madaktari wa hospitali nyingine nchini humo, na 97 katika kila 100 wakasema wangependelea kuwaambia. Katika muda wa miaka 18 msimamo ulikuwa umegeuka juu chini. Matibabu yalikuwa yameongezeka, na huwezi kumwomba mtu ridhaa ya kutibiwa ugonjwa ambao hujamtajia.

Mwaka 2010 madaktari wa Boston walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu yao hivi walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Wengine walipewa matibabu hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo, ambayo ndani yake mna mazungumzo ya wazi juu ya ugonjwa na yale anayoyataka mgonjwa. Kundi hili la pili walikuwa na huzuni pungufu kuliko wenzao, na kwa wastani waliishi karibu miezi kumi na miwili, ambapo wenzao waliishi karibu miezi tisa. Sisemi kwamba maneno ndiyo yaliyowaongezea siku. Nasema tu kwamba kuzungumza wazi hakukuwapunguzia.

Je, ni kinyume cha desturi?

Wengine husema kwamba kumwambia mgonjwa ukweli ni desturi ya Wazungu. Hebu tuitazame desturi yetu vizuri. Mtu akifiwa na mama yake kijijini naye yuko mjini kazini, hatumpigii simu na kumwambia, "Mama amekufa." Tunamwambia, "Mama hajambo sana, njoo." Akifika hupokelewa mzigo, hukalishwa, hupewa maji. Kisha mzee mmoja anayeheshimiwa huketi karibu naye na kumweleza. Watu wengine wako pale pale, tayari kumshika akianguka.

Tazama, msomaji, desturi hii haisemi kwamba aliyefiwa asiambiwe kamwe. Inasema kwamba habari nzito hapewi mtu aliyesimama njiani, wala hapewi peke yake, wala hapewi na yeyote yule. Ina mahali pake, ina msemaji wake, na ina watu wa kubaki naye baada ya kusemwa. Basi kwa nini hekima hii tunayoitumia kwa aliyefiwa tusiitumie kwa mgonjwa mwenyewe? Na wahenga walipotuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, hawakusema kwamba onyo hilo ni la mgonjwa pekee. Jamaa nao huficha maradhi.

Jinsi ya kusema

Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliandika hatua sita za kutoa habari mbaya, na hatua hizo sasa hufundishwa katika vyuo vingi vya uganga. Ukizichunguza utaona hazipingani hata kidogo na yale ya mzee na maji ya kunywa. Nazieleza hapa kwa namna ambayo hata sisi tusio waganga tutaweza kuzitumia.

Kwanza, tafuta mahali pa faragha. Keti chini, macho yenu yawe sawa. Zima simu. Muulize mgonjwa angependa nani awepo.

Pili, kabla hujasema lolote, uliza. "Mpaka sasa umeambiwa nini juu ya ugonjwa huu? Wewe mwenyewe unauonaje?" Aghalabu utakuta nusu ya safari amekwisha kuitembea peke yake.

Tatu, omba ruhusa. "Je, ungependa nikueleze yote aliyoyasema daktari, au ungependa nimweleze mtu mwingine kwa niaba yako?" Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wako watu wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Lakini uamuzi huo ni wa mgonjwa. Sisi hatukumpa baba mkubwa nafasi ya kuamua, tulimwamulia.

Nne, toa onyo kisha sema kwa maneno mepesi. "Baba, habari niliyo nayo si nzuri." Nyamaza kidogo apate kujishikilia. Kisha, "Ni saratani, na imekwisha kuenea. Madaktari hawawezi kuiondoa." Usijifiche nyuma ya maneno ya kitabibu, wala usimwage yote kwa mkupuo mmoja. Sema kidogo, ngoja, tazama kama amepokea.

Tano, ikubali hali yake. Akilia, mwache alie. Akikasirika, hasira hiyo si yako, usibishane nayo. Usikimbilie kusema "jikaze" wala "usiwaze hivyo." Kukaa kimya ukiwa umemshika mkono kunatosha.

Sita, pangeni yanayofuata. Asiachwe na habari mikononi kama mtu aliyeshushwa porini usiku. Ajue kesho atamwona nani, maumivu yatatulizwa vipi, na nani atakuwa naye.

Naam, ziko pia kauli za kuepuka. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya "hakuna tena la kufanya, mrudisheni nyumbani." Kauli hii si ya kweli. La kufanya lipo, na ndiyo maana ya tiba shufaa. Kusudi lake si kuufukuza ugonjwa usiofukuzika, bali kumwondolea mgonjwa maumivu na mateso ya mwili na ya moyo, na kuisaidia jamaa yake. Dakta Cicely Saunders alifungua nyumba ya huduma hiyo mjini London mwaka 1967. Nairobi ilipata ya kwake mwaka 1990, na mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha huduma ya namna hiyo Uganda. Hapa kwetu huduma hii hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na katika hospitali kadhaa za mikoani, zikiwamo za makanisa.

Dawa kubwa ya maumivu makali ni morfini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Wapo wanaoiogopa wakidhani ni dawa ya kumalizia. La hasha. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika mganga humwezesha mtu kulala, kula kidogo na kuzungumza na watoto wake. Huleta choo kigumu, na kwa sababu hiyo hupewa pamoja na dawa ya kukilainisha. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2004 kuwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, maana madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi.

Sasa fikiri, msomaji: utamshawishije mtu mwenye "vidonda vya koo" kwamba anahitaji morfini? Uwongo wetu ulimnyima baba mkubwa hata usingizi.

Maswali mawili magumu

Swali la kwanza atakaloliuliza mgonjwa ni, "Nimebakiwa na muda gani?" Usimpe tarehe; hakuna binadamu aijuaje. Lakini usimjibu pia kwamba "ni Mungu tu ajuaye" kisha ukaondoka, hata kama ni kweli. Waliozoea kazi hii husema kwa makadirio: "Tunafikiri ni miezi, si miaka," au "Sasa ni majuma, si miezi." Makadirio hayo humtosha mtu kujua kama amwite mwanawe sasa au asubiri likizo. Kisha muulize, "Kuna jambo gani ungependa lifanyike katika muda huo?"

Swali la pili ni la watoto. Tumezoea kuwafukuza chumbani na kuwaambia kwamba bibi amechoka tu. Mtoto huona. Asipoelezwa hutunga maelezo yake, na mara nyingi hujitwisha hatia, akidhani bibi ameugua kwa sababu alimkasirisha. Mwambie kwa maneno ya umri wake: bibi ni mgonjwa sana, dawa haziwezi kumponya, si kosa la mtu yeyote, nawe unaweza kuketi naye. Na siku bibi akifariki, usimwambie mtoto kwamba amelala au amesafiri. Ataogopa kulala, au atakaa akimngojea.

Mama wa vitumbua

Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua alfajiri kwa wafanyakazi waendao viwandani. Alipatwa na saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imegunduliwa kwa kuchelewa. Yeye alipata bahati ya muuguzi wa tiba shufaa aliyekuja mpaka nyumbani, akaketi mkekani, akamuuliza kama anataka kujua. Mama akasema anataka, na binti yake mkubwa awepo.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mama yule alilia usiku kucha, na siku tatu zilizofuata hakutaka kumwona mtu. Siku ya nne aliwaita wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, akawataja wote wanaomdai na wote anaowadai. Akaitoa hati ya nyumba mahali alipoificha. Akaomba kitanda chake kihamishiwe sebuleni, awe anasikia watu. Na kila alfajiri, kwa kadiri alivyoweza, alimwelekeza binti yake kipimo cha unga, nazi na iliki, kwa kuwa kipimo hicho hakikuwa kimeandikwa popote.

Aliishi miezi mitano. Alikufa akiwa hana maumivu makali, na mikono iliyomshika ilikuwa ya watu waliokwisha kuagana naye. Binti yake bado anauza vitumbua pale pale.

Nyumba hizi mbili, ya baba mkubwa na ya mama huyu, zilikuwa na ugonjwa wa aina moja na mwisho wa aina moja. Katika nyumba ya kwanza tulipendana tukanyamaza. Katika ya pili walipendana wakasemeshana.

Neno kwa waganga na kwa jamaa

Kwa ndugu zetu waganga na wauguzi, nasema kwa heshima, maana nawajua foleni zinazowakabili: habari ile ni mali ya mgonjwa. Msituite sisi jamaa barazani na kumwacha mwenye mali yake kwenye benchi. Mkimuuliza kwanza naye akasema, "Mwambieni mwanangu," hapo mtuite. Dakika kumi za kuketi naye si anasa, ni sehemu ya matibabu.

Kwa jamaa, nasema: msimwombe daktari adanganye. Mwombeni awasaidie kusema vizuri. Na ikiwa mmekwisha kuficha, hamjachelewa maadamu mgonjwa anapumua na kusikia. Yeyote kati yenu anaweza kuketi kando yake na kusema, "Baba, liko jambo ambalo tuliogopa kukwambia. Je, unataka tulizungumze?"

Kama usiku ule wa saa nane ungenirudia, ndivyo ningejibu. Nisingehitaji elimu ya uganga. Ningemwambia, "Habari si nzuri, Baba, nami naogopa kuisema. Lakini nitakuwa hapa hapa." Na asubuhi yake ningepiga simu Mwanza.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili, na huenda mzee wako yuko barazani akinywa chai, mzima wa afya. Nenda ukamuulize swali ambalo ni rahisi zaidi kuulizwa mtu akiwa mzima kuliko akiwa kitandani: "Baba, siku ukiugua sana, ungependa uambiwe ukweli wote? Na ungependa akwambie nani?" Huenda akacheka, huenda akakukemea kwamba unamtabiria mabaya. Mwombe radhi, kisha ungoje jibu. Ukilipata, likumbuke, na siku yake ikifika ulitimize.